Mama Konokono na Chupa Iliyozibwa

Katika maabara ya baiolojia mikono ilikaa nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mama Konokono, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliishika, hakuna mwanafunzi aliyeibishia. Zamu yako ikifika kwenye hadubini, unafunga mikono mgongoni, unainama, unafumba jicho moja na kutazama. Shule ilikuwa na hadubini moja tu nzima, na kidole kimoja chenye pupa kingetosha kukivuruga kipindi kizima. Unaona ngozi nyembamba ya kitunguu imegawanyika vyumba vyumba kama nyumba ya kupangisha. Ukisema, "Nimeona seli," anakujibu, "Seli hata aliye nje ya mlango anajua. Wewe umeona nini?" Mpaka utaje ukuta, utaje kiini, utaje ule uwazi wa katikati uliojaa maji, ndipo unampisha mwenzako.

Jina lake alipewa na wanafunzi, na sababu ya jina hilo ilikaa kwenye rafu ya ndani, mbali kidogo na dirisha, kando ya sanamu ya plastiki ya mwili wa binadamu. Sanamu hiyo ilikuwa imepoteza ini lake zamani. Mama Konokono akaishonea jingine kwa kitambaa cha kahawia, akalijaza pamba, nalo likakaa vizuri kuliko lile la kiwandani. Lakini sanamu haikuwa fahari yake. Fahari yake ilikuwa chupa.

Ilikuwa chupa pana ya kioo kinene, ya aina ile ambayo wenye maduka huwekea peremende. Ndani yake mlikuwa na mchanga, tope kidogo, maji, majani ya majini na konokono wadogo weusi. Kizibo kilikuwa kimezungushiwa nta, na tangu siku ilipozibwa haikuwahi kufunguliwa. Majani yalitumia mwanga kutengeneza chakula chao na kutoa oksijeni. Konokono walivuta oksijeni hiyo, wakala majani yaliyochakaa, na kinyesi chao kikawa mbolea ya majani mapya. Mvuke ulipanda, ukagota kwenye kizibo, ukashuka kama mvua ndogo. Konokono walizaliana, wakafa, wakaozea humo humo, na wajukuu wao wakaendelea.

"Humu hakuna mgeni na hakuna anayehama," Mama Konokono alipenda kuwaambia wanafunzi. "Kila mmoja anaishi kwa pumzi ya mwenzake. Huu ndio mfumo wa ikolojia. Hata dunia ni hii, ila kizibo chake hatukioni."

Kila Ijumaa aliifuta chupa kwa kitambaa chake mwenyewe. Wengine waliitazama tu, mikono nyuma.

Ndipo mdogo wake alipohitimu ualimu wa baiolojia na kupangiwa shule hiyo hiyo. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho kwa mama yao, na jina likamfuata mpaka ukubwani. Mkuu wa shule alimtambulisha katika chumba cha walimu kwa furaha kubwa.

"Sasa idara ya baiolojia ina damu moja," alisema. "Na damu ni nzito kuliko maji."

Mwalimu wa hisabati, ambaye hakuweza kukaa mbali na mzaha, alimwinamia Mama Konokono. "Kipya kinyemi, mwenzangu. Ujihadhari."

"Kinyemi ingawa kidonda," alimalizia yeye. "Nyinyi watu mkisoma methali mnaishia njiani."

Walicheka wote, na Kitinda akacheka kuliko wote. Siku hizo za mwanzo Mama Konokono hakuwa na neno. Alimtembeza mdogo wake madarasani, akimwambia kila waliyekutana naye, "Huyu nilimfundisha mimi. Utando wa kitunguu wa kwanza aliuona kwenye hadubini yangu." Alimwonyesha bomba linalovuja na kabati linalofunguka kwa kupigwa teke. Alijiona kama mkulima anayewatembeza wageni shambani.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kicheko. Kilitoka nje, uani, kikaingia kwa madirisha ya maabara wakati Mama Konokono alipokuwa akiwafundisha kidato cha nne mzunguko wa damu. Wanafunzi waliinua shingo. Yeye mwenyewe akaenda dirishani ili awafokee wenye kelele, akakuta ni darasa la mdogo wake.

Kitinda alikuwa amechora moyo mkubwa kwa chaki juu ya sakafu ya uani, wenye vyumba vinne na milango yake. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa damu. Waliingia chumba cha kwanza wakiwa na karatasi za buluu, wakasukumwa chumba cha pili, wakakimbia mpaka kwenye miti miwili iliyoitwa mapafu, wakabadilisha karatasi wakapewa nyekundu, wakarudi moyoni mbio, wakatoka tena kuzunguka uwanja. Mmoja alikuwa amejaribu kurudi kinyumenyume, na wenzake waliokuwa milango ya moyo wakamkatalia. Ndicho kilichowachekesha.

"Wewe umeshapita, huwezi kurudi," mlango mmoja wa moyo ulikuwa ukisema. "Nimesahau karatasi yangu," alilalamika aliyekuwa akirudi. "Kasahau, ndiyo," ulidakia mlango wa pili. "Zunguka."

Nyuma ya Mama Konokono, kijana mmoja wa kidato cha nne, msemaji wa darasa, aliuliza kwa upole mwingi, "Mwalimu, na sisi tutakuwa damu lini?"

"Mtakuwa damu mkishajua jina la mshipa unaoipeleka mapafuni," alimjibu, akafunga dirisha.

Alijua vizuri kilichokuwa kikiendelea mwilini mwake. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zilikuwa zimemwaga kemikali yao kwenye damu. Moyo ulikuwa umeongeza mwendo, viganja vimelowa, mdomo umekauka. Angeweza kuuchora mfumo wote huo ubaoni bila kutazama kitabu. Lakini hakuna mchoro unaoonyesha wivu unakaa kiungo gani. Kwake ulikaa kooni kama mwiba wa samaki: ukiumeza hauendi, ukiutema hautoki.

Tangu siku hiyo masikio yake yakawa upande wa pili wa ukuta. Alihesabu vicheko vya mwenzake huku akifundisha. Alitambua viatu vya wanafunzi waliokuwa wakikimbia ili wawahi kipindi cha Kitinda, akakumbuka kwamba kwake hufika kwa wakati, wakitembea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alijiambia; akangoja aione kamba. Hakuiona. Kitinda alimsalimia kila mmoja, alisahihisha madaftari kwa wakati, na hata mlinzi wa getini, mtu asiyetabasamu hata kwa bahati mbaya, alikuwa akimshikia mlango.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Waliishi pamoja na mama yao katika nyumba yenye sebule ndogo, meza moja na taa iliyoning'inia chini kiasi kwamba mrefu aliinama. Jioni moja mama aligawa chakula, akamwekea Kitinda mayai mawili.

"Mama, na mimi?" Mama Konokono aliuliza.

"Wewe si ulisema yai linakupa kiungulia?"

"Nilisema mwaka juzi."

"Kiungulia hakina tarehe," mama alisema, akakaa. Kisha, kama mtu anayewasha redio ile ile kila jioni, akaanza. "Nakumbuka Kitinda alivyorudi na wale konokono wa mtaroni. Kawafumbata kiganjani, mmoja kampanda mpaka kwapani. Alilia, lakini hakumwachia hata mmoja. Bila yeye ile chupa ingekuwa maji na nyasi."

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia aokote."

"Kuambia na kuokota si kitu kimoja, mwanangu."

Kitinda alikata yai lake la pili, akamsogezea dada yake nusu. Mama Konokono aliitazama ile nusu, kiini chake cha manjano kikimwangalia. "Lina kiungulia," alisema.

Kilichofuata ndicho kilichomchoma zaidi. Kitinda aliwaambia wanafunzi wake kila mmoja alete chupa yake. Zikaja chupa za jemu, za siagi ya karanga, za kahawa, na moja ya dawa ya kikohozi ambayo mwenyewe alidai ataifugia sisimizi wa majini. Walienda kwenye bwawa la nyuma ya shule, wakachota tope, wakang'oa majani, wakakamata konokono. Baada ya hapo dirisha lote la darasa likajaa dunia ndogo ndogo, na kila asubuhi watoto walisongamana hapo kama wauza magazeti wanaosubiri gari.

Chupa nyingine zilistawi. Nyingine ziliharibika, zikawa nyeusi, na Kitinda akawaambia wenyewe wazifungue, wanuse, waseme wanadhani kosa ni nini. Mama Konokono alisimama mlangoni siku walipokuwa wakifanya hivyo.

"Unawafundisha kuua," alisema baada ya wanafunzi kutoka.

"Nawafundisha kuuliza, dada."

"Mimi yangu haijawahi kufa."

"Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukuuliza ingekufaje."

"Na shuleni mimi si dada."

"Samahani, mwalimu."

Jioni hiyo mezani Kitinda alisema, "Mwalimu, naomba chumvi," na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Konokono alimpa chumvi. Chupa yake moja, ambayo kwa miaka yote watu walikuwa wakiletwa kuiona, ilikuwa sasa ni chupa miongoni mwa chupa.

Haukupita muda mkuu wa shule akawaita wote wawili ofisini. Alikuwa mwalimu wa historia, naye alipenda kuanzia mbali, lakini siku hiyo alifupisha. Ratiba ya muhula ujao ilikuwa ikipangwa. Kidato cha nne, darasa la mtihani, lilikuwa la mwalimu mmoja tu wa baiolojia.

"Siwezi kulikata kama keki," alisema. "Jumatatu anakuja mkaguzi wa masomo ya sayansi. Ataiona kazi yenu, mimi nitamsikiliza, kisha nitaamua. Msinifanyie ugomvi. Nyinyi ni ndugu."

Mama Konokono alitoka na mwiba wake kooni. Kidato cha nne kilikuwa chake tangu alipoanza kazi. Kwa sababu ya darasa hilo, hospitalini wauguzi walimpisha kiti, na daktari wa mifugo alimpigia honi barabarani akimwita mwalimu wangu. Kwa sababu ya darasa hilo alikuwa mtu. Na sasa darasa hilo lingepewa mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga kamba za viatu.

Jambo moja lilimpa matumaini. Kwenye ukumbi wa kuingilia shuleni palikuwa na dirisha kubwa, na chini yake kizingiti kipana kilichopigwa jua karibu mchana kutwa. Kila mgeni alipita hapo. Alhamisi, wakati wa mapumziko, aliibeba chupa yake mwenyewe na kuiweka hapo ajaribu. Jua lilipoipata, majani yakaanza kutoa mapovu madogo, mamia, yakipanda kwa mistari kama shanga za fedha. Walimu waliokuwa wakipita walisimama.

"Mbona inachemka?" aliuliza mwalimu wa hisabati.

"Haichemki. Majani yanatengeneza chakula. Hayo mapovu ni oksijeni."

"Kwa hiyo ni jiko," alisema yule, akaenda zake akitikisa kichwa kwa mshangao wa kweli.

Hata mkuu alikuja kutazama, mikono nyuma kama mwanafunzi mzuri. "Hii mkaguzi lazima aione," alisema. Hakuna chupa ya jemu iliyokuwa ikitoa mapovu namna hiyo.

Basi Ijumaa, masomo yalipokwisha, Mama Konokono aliifuta chupa kwa kitambaa chake, akaibeba kifuani mpaka ukumbini na kuiacha kizingitini. Kitinda, aliyekuwa akifunga darasa lake, alimkuta hapo.

"Dada, utaiacha hapo mpaka Jumatatu? Jua la hapo..."

"Umeanza kunifundisha mwanga?"

"Hapana."

"Basi wewe funga mlango wako, na mimi nifunge wangu."

Jumamosi hakukuwa na wingu. Jumapili ilikuwa hivyo hivyo. Nguo alizoanika Kitinda zilikauka kabla hajamaliza kuanika zote, na mama akahamisha kiti chake kivulini mara mbili. "Jua la leo lina ugomvi na mtu," alisema. Mama Konokono alikuwa akipiga pasi gauni lake la Jumatatu, na aliposikia neno jua aliwaza mapovu. Hakuwaza joto. Aliyewafundisha watoto wasiohesabika kwamba maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi, siku hiyo aliwaza mapovu tu. Wivu ulikuwa umemfumba jicho moja, kama mtu aliye kwenye hadubini, na hilo lililobaki liliona kitu kimoja kikubwa mno.

Jumatatu aliwahi kufika. Ukumbi ulikuwa mtupu na sakafu ingali na unyevu wa dekio. Aliiona chupa kutoka mlangoni, akadhani ni kivuli. Akasogea. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Majani yalikuwa yamelegea na kulala chini kama mboga iliyopitiliza jikoni. Konokono walikuwa wametapakaa juu ya mchanga, magamba yao yamepinduka, na mmoja tu alikuwa bado amegandamana karibu na kizibo, mahali pa juu kabisa palipokuwa na hewa. Mama Konokono aligusa kioo mbele yake. Konokono akaachia, akazama taratibu.

Alikuwa bado ameshika kioo kwa mikono yote miwili sauti ya mkuu ilipoingia ukumbini, na nyuma yake mkaguzi, mwanamke mkimya mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na nyuma yao Kitinda na wanafunzi wake, kila mmoja na chupa yake mkononi, wakielekea darasani, na baadhi ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuja kuona mapovu.

"Na hii hapa ndiyo niliyokuwa nakusimulia," mkuu alisema, kisha akaiona. "Nani ameiacha hapa juani?"

Mikono ya Mama Konokono ilibaki kwenye kioo.

"Ni mimi, mkuu," alisema Kitinda. Alikuwa amesogea mbele, kichwa chake kimeinama kidogo. "Niliihamisha Ijumaa ili wageni waione. Sikufikiri. Naomba radhi kwako na kwa dada."

Kwa muda wa pumzi moja Mama Konokono aliona nafuu. Angeweza kunyamaza, na darasa lingebaki lake. Nani angempa kidato cha nne mtu aliyeipika chupa ya maabara? Kisha akatazama nyuso. Mkaguzi alimtazama Kitinda kwa upole. Wanafunzi walimtazama kama mtu aliyejitupa majini kuokoa mwingine, hata wale wa kidato cha nne. Kila aliyekuwa hapo alikuwa akimpenda zaidi kwa sababu ya kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa amechukua vicheko, amechukua madirisha, amechukua yai la pili. Sasa anachukua hata kosa, na analibeba vizuri.

"Mwongo huyo," Mama Konokono alisema.

Mkuu aligeuka. "Mwalimu."

"Mkuu, huyu hajaigusa chupa hii tangu tulipoiziba, na leo hataigusa. Chupa ni yangu na kosa ni langu. Nilimkataza hata kunitajia jua. Niliiweka mimi, ili itoe mapovu kuzishinda zake."

Mwalimu wa hisabati, aliyekuwa amefika na kikombe chake cha chai, alisimama nacho hewani.

"Mapovu?" aliuliza mkaguzi.

"Mwanga ukiongezeka, majani hufanya kazi zaidi, na oksijeni hutoka kwa wingi. Ni kweli. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya somo. Ya pili niliijua pia, nikaiacha nyumbani."

"Na ya pili inasemaje?"

Mama Konokono aliwatazama wanafunzi. Wa kwake walikuwa wamesimama kama alivyowafundisha. "Toeni mikono nyuma," aliwaambia. "Njooni mshike."

Walisitasita. Yule kijana msemaji wa darasa ndiye aliyetangulia, akaweka kiganja juu ya kioo. Jua la asubuhi lilikuwa limekwisha kukifikia. "Ina joto," alisema.

"Hii ni asubuhi. Jana saa nane ilikuwaje?"

"Zaidi."

"Maji ya moto yanafanya nini na hewa iliyomo ndani yake?"

"Yanaipoteza."

"Na konokono akipata joto?"

Walitazamana. Mtoto mmoja wa kidato cha pili, mwenye chupa ya dawa ya kikohozi, alisema, "Anahema haraka, kama sisi tulipokuwa damu."

Mama Konokono alimgeukia. "Anahema haraka, kama nyinyi mlipokuwa damu," alikubali. "Kwa hiyo anataka hewa zaidi wakati hewa imepungua. Na majani?"

"Majani yanaendelea kumpa."

"Mpaka yapikwe. Yakipikwa seli zake hufa, na jua likae mwaka mzima, hayatoi kitu. Kisha usiku ukaja, usiku ambao hata jani zima huvuta oksijeni kama wewe na mimi. Na vilivyokufa vikaanza kuozeshwa na bakteria, na bakteria nao wakavuta. Wote humo, chupa moja, wanagombea pumzi moja. Huyu," alinyoosha kidole, "alipanda mpaka kwenye kizibo. Nyie semeni wenyewe alikuwa akitafuta nini."

Alitoa ufunguo wa maabara, akakwangua nta, nta iliyokuwa imepauka kwa uzee, akafungua. Harufu ilipanda ikawasogeza wote nyuma hatua, mkuu akiwemo, na mwalimu wa hisabati akakitazama kikombe chake na kukiweka kizingitini. Mama Konokono peke yake hakusogea. Aliinamisha uso juu ya chupa na kutazama ndani, macho yake yote mawili wazi.

"Swali?" alisema.

Yalikuja mengi, hata kengele ikalia yakiwa bado yanakuja.

Uamuzi ulitoka mchana. Mkuu alimwita peke yake, akazunguka kwenye maneno kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari, mwishowe akasema: kidato cha nne kitakuwa cha mdogo wako, wewe utachukua kidato cha kwanza.

"Kwa sababu ya konokono?"

"Ndiyo. Lakini si hivyo unavyofikiri. Mkaguzi amesema wanaoanza wapewe mtu anayeweza kulifungua jambo mbele yao hata likinuka. Na mimi nimesoma historia, lakini leo nimeelewa baiolojia."

Alimshukuru, maana ndivyo mtu anavyofanya, akatoka. Maneno ya mkaguzi yalikuwa mazuri. Darasa lilikuwa limekwenda.

Kitinda alimngoja getini. Walitembea, mkubwa mbele, mdogo nyuma, kama zamani walipokuwa wakienda dukani.

"Nani alikutuma unibebee?" Mama Konokono aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna. Nilikuona umeshika kioo kwa mikono miwili."

"Siku nyingine ukitaka kunibebea, nibebee mfuko."

Kitinda aliuchukua mfuko. Ulikuwa na chupa ndani, tupu, imeoshwa. "Dada, darasa sikuliomba."

"Ndiyo maana linauma. Ungeliomba ningekuchukia nikapumzika."

Walivuka barabara. Kitinda alihamisha mfuko bega la pili. "Nikwambie kitu? Mimi ndiye niliyekuonea wivu kwanza. Miaka yote. Konokono niliokota mimi, nikapandwa mpaka kwapani, lakini watu wote wanasema chupa ya dada yako. Hata jina la konokono ukapewa wewe."

Mama Konokono alisimama. "Kweli?"

"Kweli."

"Sana?"

"Sana, mpaka nikalia."

"Vizuri," alisema, akaendelea kutembea, na mwendo wake ukawa mwepesi kidogo.

Hiyo haina maana kwamba alipona wivu. Muhula mpya ulipoanza, aliwaambia kidato cha kwanza kila mmoja alete chupa, na Kitinda alipopita mlangoni akasema, "Hilo si wazo langu hilo, mwalimu?" akajibiwa, "Na hao konokono ulionyeshwa na nani?" Chupa kubwa ilirudi rafuni ikiwa na maji mapya, kizibo bila nta. Watoto waliruhusiwa kuishika. Kwenye hadubini mikono iliendelea kukaa nyuma. Kuna mambo hayabadiliki.

Ila bado, akipita mbele ya darasa la kidato cha nne, miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe. Siku moja alisikia sauti ya mdogo wake ikitaja chupa ya dada, akasimama nje ya mlango.

"Kwa hiyo konokono walikufa kwa joto," Kitinda alikuwa akisema.

Mama Konokono alijizuia. Alitazama viatu vyake, akatazama dari. Kisha akachomoza kichwa.

"Si joto peke yake," alisema.

Darasa zima liligeuka, na yule kijana msemaji akaanza kucheka, wengine wakamfuata. Kicheko kilikuwa kikubwa, cha kutikisa madirisha, kile kile alichokuwa akikisikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwa karibu kilisikika tofauti.

"Karibu, mwalimu," alisema Kitinda, akisogea pembeni ya ubao.

"Endelea tu, mimi napita," alijibu, akaingia.